Leslie Brown: Afisa kilimo aliyewahesabu tai wa Afrika Mashariki

Mvua za mwisho wa mwaka zinapolowesha udongo wa Mulanda, magharibi ya mji wa Tororo, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu, na kila kaya iliyo na ndoo na taa hujiandaa kuwanasa. Binadamu si mlaji wa peke yake wa karamu hiyo. Katika nchi zote za Afrika Mashariki, majira hayo hayo, huwasili tai wakubwa wa rangi ya kahawia ambao wamesafiri kutoka nyika za Urusi na Kazakhstan. Hufuata mvua kuelekea kusini, hutua mashambani na kutembea ardhini kama kuku, wakiokota kumbikumbi mmoja mmoja. Ifikapo Februari na Machi huanza safari ya kurejea kaskazini.

Wakazi wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Busia hadi miguuni mwa Jabali la Tororo, wamewaona ndege wa namna hii tangu enzi za mababu. Wamewaona, lakini ni wachache mno waliowahesabu. Na ndege asiyehesabiwa anaweza kupungua mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kuweza kusema kwa uhakika kuwa amepungua.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulitambua jambo hilo katika eneo letu alikuwa afisa kilimo wa serikali, Leslie Hilton Brown. Alifariki dunia mwaka 1980, lakini hadi leo ni vigumu kwa mtafiti kuandika kuhusu tai wa Afrika bila kulitaja jina lake.

Kutoka India hadi Embu

Brown alizaliwa nchini India mwaka 1917, katika familia yenye asili ya Uskochi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskochi, kisha mwaka 1940 akaajiriwa na idara ya kilimo ya serikali ya kikoloni nchini Nigeria. Mwaka 1946 alihamia Kenya, nchi ambayo angeishi ndani yake hadi mwisho wa uhai wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipangiwa kazi wilayani Embu, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya. Wilaya hiyo huteremka kutoka misitu yenye baridi ya mlimani hadi nyanda kavu za Mbere karibu na Mto Tana. Kazi ya afisa kilimo ilimlazimu kutembea kwa miguu kutwa nzima, akikagua mashamba, mifereji na matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Katika matembezi hayo alikuwa na mazoea ya kuinua macho na kutazama angani.

Ndipo alipokifahamu kilima kimoja kilichobadili maisha yake. Hakikuwa kilima kirefu wala maarufu, lakini miti na majabali yake yalibeba viota vya aina kadhaa za tai, waliokaa karibu karibu kuliko alivyowahi kuona mahali pengine. Brown alikiita Kilima cha Tai. Alikuwako tai mwenye taji, anayewinda nyani wadogo, paa na pimbi msituni. Tai mpiganaji, mkubwa kuliko wengi wa jamaa zake barani. Tai mweusi wa majabali, ambaye chakula chake kikuu ni pimbi. Na wengine wadogo zaidi wanaowinda ndege.

Mtu mwingine angekitembelea mara moja, akaandika makala ya kusifu, akaendelea na safari. Brown alirudi. Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata tena, na hata baada ya kuhamishwa Embu aliendelea kutafuta nafasi ya kurudi.

Daftari badala ya bunduki

Wataalamu wengi wa ndege wa kizazi kilichomtangulia Brown walizoea kuwapiga risasi ndege na kuzihifadhi ngozi zao katika makabati ya makumbusho. Ngozi iliweza kuonyesha rangi na urefu wa bawa. Haikuweza kueleza ndege anaishi miaka mingapi, anakula nini wala analea watoto wangapi.

Brown alichagua njia nyingine. Alijenga vibanda vya kujificha karibu na viota, akaketi humo kwa saa nyingi, akiandika kila tendo na saa yake: dume limeleta mnyama gani, jike limekaa juu ya yai kwa muda gani, kifaranga amelishwa mara ngapi. Alikusanya mifupa na manyoya chini ya miti ili kujua mawindo. Wenyeji wa Mbere walioijua nchi yao walimsaidia kuvitafuta na kuvitazama viota, na bila macho yao kazi hiyo isingewezekana kwa mtu aliyekuwa na ajira nyingine ya kutwa.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1952 na 1953 katika jarida la kisayansi la Ibis, linalotolewa na muungano wa wataalamu wa ndege wa Uingereza. Mwaka 1955 yalifuatiwa na kitabu chake kuhusu tai.

Kilichowashangaza wasomaji hakikuwa visa vya ujasiri wa tai. Kilikuwa ni hesabu. Kumbukumbu za Brown zilionyesha kuwa jozi ya tai wakubwa haizai kila mwaka. Tai mwenye taji hulalia yai kwa siku 50 hivi. Kifaranga hukaa kiotani kwa takriban siku 110. Akisha kuruka, wazazi huendelea kumlisha kwa miezi mingine 9 hadi 11. Ukijumlisha muda huo wote utaona kuwa jozi iliyofanikiwa kulea mtoto haiwezi kutaga tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo jozi yenye bahati hupata mtoto mmoja katika kila miaka miwili.

Kwa tai mweusi wa majabali hali ni nzito zaidi. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, lakini kifaranga wa kwanza kuanguliwa humshambulia mdogo wake hadi kumuua, na wazazi hawaingilii kati. Mayai mawili hutoa mtoto mmoja.

Mfugaji wa kuku anaweza kuuliza hesabu hizi zamhusu nini. Jibu ndilo lililomfanya Brown aendelee kuzikusanya. Kama jozi hupata mtoto mmoja kwa miaka miwili, na kama wengi wa watoto hao hufa kabla ya kukomaa, basi tai mmoja aliyekomaa akipigwa risasi au akilishwa sumu, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibwa. Kuku jike hurudisha vifaranga wake kwa majuma machache. Tai hawezi.

Mtumishi wa mabwana wawili

Haitakuwa haki kuyasimulia maisha ya Brown kana kwamba aliishi kiotani peke yake. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na miaka yake ya Embu na Mkoa wa Kati iliangukia katika kipindi kichungu cha historia ya Kenya. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta, kazi ambayo waliichukia na ambayo ilichochea hasira dhidi ya utawala. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na wilaya ya Embu ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoonja ukali wake.

Mwaka 1954 ulizinduliwa Mpango wa Swynnerton, uliokusudia kuunganisha vipande vya ardhi, kutoa hati za umiliki na kuwaruhusu wakulima wengi zaidi wa Kiafrika kulima kahawa, chai na mazao mengine ya biashara. Brown alipanda vyeo hadi kuwa mtaalamu mkuu wa kilimo nchini, na alishiriki katika kuyapanga mabadiliko hayo. Mwaka wa uhuru, 1963, aliandika mapendekezo ya sera ya mazao ya biashara kwa Kenya.

Hapa ndipo palipo na mgongano uliomwandama maisha yake yote. Kila shamba jipya lililofyekwa kwa ushauri wa idara yake lilikuwa pia mti uliopungua kwa tai. Mkono mmoja ulipanga mashamba, mkono wa pili uliandika kumbukumbu za pori lililokuwa likiondoka. Brown hakuutatua mgongano huo, na pengine hapakuwa na njia rahisi ya kuutatua. Alichofanya ni kuhakikisha kuwa gharama yake inaandikwa.

Safari iliyokaribia kumuua

Tabia yake ya kutotosheka na habari za kusikia ilimfikisha ukingoni mwa kaburi mwaka 1954. Kwa muda mrefu watu waliwaona heroe wadogo, ambao wengi wetu tunawaita flamingo, wakijaza maziwa ya Bonde la Ufa kwa mamia ya maelfu, lakini mahali wanapozaliana kwa wingi palibaki kuwa fumbo. Akiwa ndani ya ndege ndogo, Brown aliyaona makazi yao katikati ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanganyika ya wakati ule.

Hakuridhika kuyatazama kutoka angani. Alijaribu kuyafikia kwa miguu, akivuka matope ya magadi chini ya jua kali. Magadi yaliingia ndani ya viatu vyake na kuichoma ngozi ya miguu. Alilazimika kugeuka kabla ya kuwafikia ndege, na alipofika kambini miguu ilikuwa imejaa malengelenge na kuvimba vibaya. Alilazwa hospitalini kwa majuma kadhaa, na ikabidi apandikizwe ngozi mpya.

Hata hivyo hakuwaacha heroe. Aliendelea kuwahesabu kutoka angani, ziwa baada ya ziwa, na mwaka 1959 akachapisha kitabu juu yao. Mwaka 1962, maji yalipofunika mazalio ya Natron, zaidi ya jozi milioni 1 za heroe wadogo zilizaliana katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu za mawe, na watu wa kujitolea waliwaokoa maelfu yao kwa kuzivunja pingu hizo kwa mikono.

Mlima wa mbali, hesabu ile ile

Wakati Brown akiwa bado mwanafunzi, mwanamke mmoja nchini Marekani alikuwa ameanzisha kazi inayofanana na yake kwa namna nyingine. Katika jimbo la Pennsylvania kuna mlima ambao mwewe na tai wanaohama huupita kila majira ya kupukutika majani. Wawindaji walizoea kupanda kileleni na kuwapiga risasi kwa mamia, kwa burudani tu. Mwaka 1934 Rosalie Edge aliukodi mlima huo, akamweka mlinzi, Maurice Broun, ambaye licha ya kuwazuia wawindaji alianza kuwahesabu ndege waliopita. Mahali hapo panaitwa Hawk Mountain, na hesabu yake ni miongoni mwa hesabu kongwe zaidi za ndege wawindaji duniani.

Namna ya kuhesabu si siri. Mhesabuji huchagua kilele chenye upeo mpana, hurudi hapo hapo siku zile zile kila mwaka, na huandika kila saa. Tai wanaohama hawapigi mbawa safari nzima. Husubiri jua lipashe ardhi joto, kisha hupanda juu kwa kuzungukazunguka ndani ya hewa ya moto inayoinuka, na wakifika juu huteleza kuelekea mbele, mmoja nyuma ya mwingine. Wakiwa wanazunguka ni vigumu kuwahesabu kwa sababu wamechangamana. Wakianza kuteleza kwa mstari, ndipo mhesabuji huinua darubini na kuwahesabu. Siku ambayo hapiti hata mmoja, huandika sifuri, kwa maana sifuri nayo ni habari.

Uvumilivu huo ulizaa matunda yasiyotarajiwa. Katika miaka ya 1935 hadi 1939, asilimia 40 ya tai wenye vichwa vyeupe waliohesabiwa Hawk Mountain walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 wachanga walikuwa asilimia 20 tu, na mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Tai walikuwa bado wakipita, lakini walikuwa hawazai. Rachel Carson alizitumia takwimu hizo mwaka 1962 katika kitabu chake kuhusu madhara ya viuatilifu, na miaka 10 baadaye Marekani ilipiga marufuku dawa ya DDT mashambani.

Brown, aliyekuwa mtu wa kilimo na mtu wa tai kwa pamoja, alikuwa na nafasi ya pekee ya kuelewa somo hilo. Mwaka 1964 yeye na mtafiti Adam Watson walichapisha uchunguzi kuhusu tai wa Uskochi na wingi wa chakula chao. Mwaka 1968 alishirikiana na Dean Amadon, wa jumba la makumbusho ya elimu viumbe la New York, kutoa juzuu mbili nene kuhusu tai, mwewe na kozi wa dunia nzima. Kazi hiyo ilikuwa rejea kuu ya kizazi kizima cha wataalamu.

Miaka ya mwisho

Baada ya uhuru Brown aliacha utumishi wa serikali lakini hakuondoka Kenya. Aliishi kwa kuandika na kutoa ushauri wa kitaalamu. Alikwenda Ethiopia katika miaka ya 1960 kuchunguza wanyama adimu wa milimani, na uchunguzi wake ulisaidia kuandaa njia ya kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa katika Milima ya Bale. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu ndege wawindaji wa Afrika, na mwaka 1976 kingine kuhusu wale wa Uingereza.

Alifariki dunia Agosti 1980, akiwa katikati ya kazi kubwa kuliko zote: mfululizo wa vitabu vinavyoeleza ndege wote wa Afrika, alioushughulikia pamoja na Emil Urban na Kenneth Newman. Juzuu ya kwanza, yenye sura za tai na jamaa zao, ilitoka mwaka 1982. Yeye mwenyewe hakuwahi kuishika mkononi.

Hesabu aliyoiacha

Miaka saba baada ya kifo chake, watazamaji waliketi katika pwani ya Djibouti, kwenye mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, wakihesabu ndege wawindaji wanaovuka kutoka Yemen kuingia Afrika. Ndege hawa hukwepa kuvuka maji mapana kwa kuwa hewa ya moto haiinuki juu yake, hivyo hubanana mahali bahari inapokuwa nyembamba. Katika majuma machache ya Oktoba na Novemba 1987 walihesabu takriban ndege 250,000, wakiwemo tai wa nyika zaidi ya 76,000. Dunia ilijua kwa mara ya kwanza ukubwa wa mto huo wa angani unaomiminika kuelekea kwetu.

Habari za baadaye si njema. Tangu mwaka 2015 tai wa nyika amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nchini Kenya, watafiti walilinganisha hesabu zilizofanywa barabarani katika miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020, na mwaka 2022 wakatangaza kuwa kati ya aina 22 za ndege wawindaji walizozichunguza, 19 zimepungua, nyingi kwa kiwango kikubwa. Sumu inayotegwa kwa ajili ya simba na fisi, nyaya za umeme, na kupotea kwa miti ya kuwekea viota ni miongoni mwa sababu zinazotajwa.

Tangazo hilo liliwezekana kwa sababu moja tu. Kuna watu waliohesabu katika miaka ya 1970, wakati ndege walipokuwa wengi na hesabu ilionekana kuwa kazi isiyo na maana. Lau wasingehesabu, leo tungebaki na maneno ya wazee wanaosema kuwa zamani tai walikuwa wengi, na majibu ya vijana wanaosema kuwa wazee hupenda kusifu ya zamani.

Kutoka viunga vya Mulanda hadi kileleni mwa Jabali la Tororo, lenye urefu wa takriban mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, hakuna kilichopungua ili kazi hiyo ifanyike: kilele kipo, anga ipo, na msimu wa kumbikumbi hurudi kila mwaka. Mwalimu na wanafunzi wake wakiwa na daftari, kalamu na saa, wakakubaliana kurudi mahali pamoja siku zile zile kwa miaka 10, watakuwa wameandika jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Brown. Naye, alipoanza kukizunguka kilima chake cha Embu, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi nyingine ya kutwa, na miguu yake miwili.